Kutoka Narita hadi somo la kwanza: siku za mwalimu wa Kiingereza anayeanza muhula Japani

Japani hufungua mwaka wa shule tarehe 1 Aprili na kuufunga 31 Machi. Mwalimu msaidizi wa Kiingereza, ambaye huko kila mtu humwita ALT, akitua wiki ya mwisho ya Machi huwa na kama wiki mbili tu kabla ya kusimama mbele ya darasa. Walimu wa mpango wa serikali wa JET, ulioanza 1987, wengi wao hufika Julai na Agosti na kuingilia muhula wa pili. Wa Machi ni hasa walioajiriwa na kampuni za kusambaza walimu, au na manispaa yenyewe. Njia inayofuatwa hapa ni ya hao wa Machi: uwanja wa ndege wa Narita, Tokyo, kisha mji wa wastani katika mkoa wa Nagano, wenye sekondari moja ya chini na shule mbili za msingi za kuzungukia.

Kabla ya ndege

Cheti cha kustahiki ukaazi, kinachoombwa na mwajiri akiwa Japani, hudumu miezi 3 tangu kutolewa. Muda huo ukipita kabla hujaingia nchini, maombi huanza upya. Anayefundisha lugha ya kigeni hutakiwa pia kuonyesha miaka 12 ya kusomeshwa kwa lugha hiyo. Hapo ndipo aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukwama, maana miaka yake ya Kiingereza huanza kuhesabiwa sekondari. Piga hesabu mapema, na ukusanye barua za shule na chuo zinazotaja lugha ya kufundishia. Cheti cha shahada peke yake hakisemi hilo.

Umeme ni volti 100. Chaja za simu na kompyuta hukubali, lakini pasi na mashine ya nywele za volti 240 zitapoteza nafasi ya begi bure.

Machi 24: Narita

Kadi ya ukaazi hutolewa palepale kwenye dirisha la uhamiaji. Isome kabla hujaondoka. Jina linaandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, na kuanzia hapo kila karatasi itafuata kadi hiyo: benki, bima, simu, orodha ya mishahara. Mwenye majina matatu aamue leo kwamba ataandika yote matatu kila mahali, kwa mpangilio uleule. Akaunti yenye majina mawili na mkataba wenye matatu hurudisha mshahara ulikotoka.

Angalia pia aina ya kibali. Anayefundisha katika shule rasmi hupewa kile cha ualimu, *kyōiku*. Wa shule binafsi za lugha hupewa kingine kabisa. Mwenye *kyōiku* haruhusiwi kufundisha jioni kwenye shule ya lugha bila kuomba ruhusa ya ziada uhamiaji, hata kama ni saa mbili kwa wiki.

Begi kubwa lipeleke kaunta ya usafirishaji pale uwanjani. Litafika kwenye anwani uliyoandika, mara nyingi kesho yake. Baki na begi dogo lenye suti, viatu na nyaraka.

Machi 25 na 26: Tokyo, mafunzo

Mafunzo ya mwajiri huwa ni michezo ya darasani, sheria za mavazi na fomu nyingi. Swali moja tu ndilo la kung'ang'ania: mkataba wako na shule ni wa aina gani? Zipo tatu. Ya kwanza, manispaa imekuajiri moja kwa moja. Ya pili, *haken*: kampuni inakukodisha kwa shule, na walimu wa shule wanaruhusiwa kukuelekeza kazi. Ya tatu ni kandarasi ya huduma, *gyōmu itaku*, na hapo kisheria mwalimu wa shule hapaswi kukupa maagizo ya moja kwa moja. Yapitie kwa kampuni. Mwalimu asiyelijua hili hushangaa mwenzake anapokwepa kikao cha maandalizi na kudhani ni dharau. Kumbe ameonywa na ofisi. Ukiwa chini ya kandarasi ya tatu, uliza andalio la somo linapita njia gani na kwa siku ngapi kabla, kisha panga kazi yako kwa kuhesabu siku hizo.

Uliza pia tarehe ya mshahara wa kwanza. Si ajabu kazi ya Aprili ikalipwa mwishoni mwa Mei. Anayekodi nyumba mwenyewe hulipa kodi ya mwezi wa kwanza, dhamana, na pengine "shukrani" ya mwenye nyumba isiyorudishwa. Kila moja kati ya hizo mbili za mwisho aghalabu hulingana na kodi ya mwezi mmoja. Hii ndiyo sababu watu huishiwa kabla ya Mei kuingia.

Machi 27: Nagano

Treni ya kasi kutoka Tokyo huchukua takriban saa moja na nusu. Mzunguko wa umeme umebadilika kutoka hezi 50 hadi 60, jambo linalohusu saa za kale na baadhi ya mashine za kufulia za mitumba, basi. Baridi bado ipo. Maua ya cheri yaliyokwisha kuchanua Tokyo hapa husubiri hadi katikati ya Aprili, na kumbi za michezo za shule hazina joto. Fulana ya ndani ya kuvaa chini ya suti ni sehemu ya sare yako mpaka mwezi uishe.

Machi 28: ofisi ya manispaa

Sheria inatoa siku 14 tangu uhamie kwenye nyumba yako kwenda kuandikisha anwani. Usizingoje. Mwisho wa Machi nchi nzima inahama: wanafunzi, watumishi, walimu. Foleni ni ndefu na kila siku inayosogea inarefuka. Chukua kadi ya ukaazi, pasipoti na anwani iliyoandikwa kwa Kijapani na mwajiri, hadi namba ya chumba. Anwani huchapwa nyuma ya kadi.

Hapohapo omba nakala mbili za cheti cha ukaazi, *jūminhyō*. Mwajiri atataka moja, nyingine weka akiba. Kama mwajiri hakuandikishi kwenye bima ya wafanyakazi, dirisha la jirani ndilo la bima ya afya ya taifa na pensheni. Kwa bima yoyote ya afya, ya wafanyakazi au ya taifa, mtu mzima hulipa asilimia 30 ya gharama za matibabu.

Machi 31: simu, kisha benki

Mpangilio huu una sababu. Benki inataka namba ya simu, na simu nyingi za mkataba zinataka akaunti ya benki. Fundo hili hufunguliwa kwa laini ya kulipia kabla, au ya kampuni inayokubali kadi ya benki ya nyumbani. Ukishapata namba, nenda benki. Nyingi husita kwa mgeni ambaye hajatimiza miezi 6 nchini, kwa hiyo beba mkataba wa kazi. Benki ya Posta ndiyo wengi huanzia. Muhuri wa jina lako kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina ya kigeni, hauhitajiki tena kila mahali, lakini shule kadhaa bado hugonga muhuri kwenye daftari la mahudhurio. Mmoja wa bei rahisi unatosha.

Aprili 1: Bodi ya Elimu

Siku ya barua za uteuzi. Walimu wa shule za umma huhamishwa na mkoa kila baada ya miaka kadhaa, na uhamisho huanza rasmi leo. Maana yake kwa mgeni ni nzuri kuliko anavyodhani. Katika chumba cha walimu si wewe peke yako usiyejua makabati yako wapi. Huenda hata mwalimu wa Kiingereza utakayefundisha naye amefika asubuhi hii.

Usiondoke bodi bila vitu vitatu: kalenda ya mwaka ya kila shule, ratiba ya siku zipi uko shule ipi, na vitabu vya kiada vya madarasa yote. Vitabu ndivyo husahaulika. Bodi hudhani shule itakupa, na shule hudhani bodi imekwisha kutoa.

Aprili 2: chumba cha walimu

Viatu vya nje vinaishia mlangoni. Leta vya ndani, soli safi isiyoacha alama, vinavyobana kisigino. Ndara za wageni zilizo kwenye kabati la mlangoni zinafaa siku moja. Ukipanda nazo ngazi mara sita kwa siku zitakuangusha. Kwa kuwa unazungukia shule tatu, nunua jozi tatu na uziache.

Meza zimepangwa kwa mafungu ya madarasa, na mbele katikati anakaa makamu wa mwalimu mkuu, *kyōtō-sensei*. Huyu ndiye wa kumjua. Mwalimu mkuu atakukaribisha kwa chai. Makamu ndiye anayejua ufunguo, nywila ya kompyuta, mashine mbovu na nani hayupo kesho. Mpe leo taarifa mbili. Moja ni chakula. Chakula cha shule hutozwa kwa mwezi, na idadi hupelekwa jikoni mapema. Asiyekula nguruwe, au mwenye mzio, aseme sasa, na aombe orodha ya mapishi ya mwezi yenye viungo. Kubeba chakula chako hakuudhi mtu, lakini kujitoa katikati ya mwezi kunaacha bili. Taarifa ya pili ni utakavyofika kazini na namba yako ya dharura.

Zawadi ndogo ya kutambulisha ulikotoka, ukiileta, iwe vipande vilivyofungwa kimojakimoja, visivyoyeyuka, vya kutosha kila meza. Kopo moja la kuchangia litakaa mwezi mzima bila kufunguliwa.

Aprili 3: kikao na mwalimu mwenza

Siku hii ina uzito kuliko ya somo la kwanza lenyewe, na ndiyo wengi huipoteza kwa kuchekeana na kupeana heshima.

Kwanza, mtaala. Tangu 2020 darasa la 3 na la 4 wana vipindi 35 kwa mwaka vya "shughuli za lugha ya kigeni", bila alama, wakitumia kijitabu cha wizara kiitwacho *Let's Try!*. Darasa la 5 na la 6 wana vipindi 70, kitabu cha kiada na alama. Sekondari ya chini, iliyobadilika 2021, ina vipindi 140, yaani vinne kwa wiki. Shule ya msingi inatarajiwa kumkutanisha mtoto na maneno 600 hadi 700, na sekondari ya chini kuongeza 1,600 hadi 1,800. Tatizo limejificha kwenye kiungo cha hatua hizo mbili. Kitabu cha mwaka wa kwanza wa sekondari huyachukulia yale 600 kuwa mtoto anayo. Kweli ameyasikia na pengine kuyatamka, lakini wengi hawawezi kuyasoma wala kuyaandika. Mwanafunzi aliyefurahia Kiingereza kwa miaka minne hukutana na ukurasa uliojaa maandishi mwezi Mei na kukata tamaa ifikapo Julai. Ukifundisha ngazi zote mbili, wewe ndiye mtu pekee mjini anayewaona watoto haohao pande zote za daraja. Pendekeza dakika 5 za kusoma maneno ya zamani katika kila kipindi cha mwaka wa kwanza hadi mwisho wa muhula.

Pili, mgawo wa kazi. Mwenye leseni ya ualimu ndiye anayewajibika kwa alama na nidhamu. Walimu hutumia lugha ya T1 kwa anayeongoza na T2 kwa anayesaidia. Shule ya msingi mwenzako anaweza kuwa mwalimu wa darasa asiyejiamini katika Kiingereza, na mara nyingi atakusukumia uongozi wote. Sekondari huwa kinyume: unaweza kujikuta unasoma aya kwa sauti, wanafunzi wanarudia, basi, kipindi kimekwisha. Watu hulalamika kwamba wamefanywa kinasa sauti. Mara nyingi hakuna ubaya wowote. Mwalimu mwenza hakupata muda wa kufikiria utumike vipi, akachagua lisiloweza kuharibika.

Dawa yake ni kufika na karatasi. Nusu ukurasa yenye safu tatu: dakika, mwalimu wa darasa anafanya nini, ALT anafanya nini. Usiombe somo zima. Omba dakika 10 za kudumu katika kila kipindi, mwanzoni au kabla ya kufunga, ziwe zako wiki zote. Ni rahisi kukubaliwa, hazimharibii azimio lake la kazi, na baada ya mwezi mmoja atakuwa ameona zinavyokwenda na huenda akaziongeza mwenyewe.

Kikao chenyewe hakizidi dakika 15 au 20, kwa hiyo maswali yawe machache: tunaanza ukurasa gani, nani atawanyamazisha, nikiulizwa kwa Kijapani nijibu kwa lugha gani, makosa yasahihishwe papo hapo au mwishoni, nani hapaswi kuitwa ghafla. Hilo la mwisho usiliache. Kila darasa lina mtoto mmoja au wawili ambao kusimamishwa kusema mbele ya wenzao kunaweza kuwafanya wasije kesho, na mwalimu wa darasa anawajua kwa majina.

Omba pia mchoro wa viti wenye majina kwa herufi za sauti juu ya kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina.

Aprili 4: zana na mashine ya kurudufu

Karatasi za shule nyingi si A4 tu. B5 ya Japani (milimita 182 kwa 257) hubandikwa kwenye daftari, B4 (257 kwa 364) hukunjwa kati. Ukitengeneza kazi ya darasa kwa A4, itatokeza nje ya daftari na kupotea ndani ya wiki. Tengeneza kwa B5 tangu mwanzo, kwa sababu kupunguza A4 kwenye mashine hufinya mistari ya kuandikia.

Kwa nakala za darasa zima hutumika mashine ya kurudufu, si fotokopi. Hutoboa karatasi mama mara moja, kisha humwaga nakala kwa kasi. Gharama iko kwenye karatasi mama, kwa hiyo nakala kumi pigia fotokopi, mia moja rudufu. Wino wake hukauka polepole. Ukichapa upande wa pili papo hapo, roli huchafua upande wa kwanza. Acha rundo lipumzike kidogo. Penseli hafifu haitoki, na picha hugeuka doa jeusi usipobonyeza hali ya picha. Toa nakala moja ya majaribio, iangalie, ndipo uandike idadi: wanafunzi wote na 2 za ziada. Kichapishi cha rangi usikiguse bila kuuliza. Wino wake una bajeti yake.

Picha za ubaoni ziwe A3. Darasa la shule ya msingi lina hadi watoto 35, na A4 haionekani kutoka safu ya mwisho. Plastiki inayong'aa nayo ina kasoro yake. Madarasa ya Japani hujengwa madirisha yakiwa kushoto kwa wanafunzi, hivyo walioketi upande wa korido huona mng'ao mtupu. Tumia plastiki isiyong'aa, au vuta pazia la kwanza. Sumaku beba zako, 12 angalau, kwenye kopo lenye jina.

Chaki ni nyeupe na njano. Nyekundu kwenye ubao wa kijani hupotea machoni pa mtoto asiyetofautisha rangi hizo. Andika herufi zilizoachana, si za kuunganisha, na *a* iwe ile ya mviringo kama kwenye kitabu chao.

Aprili 7: ufunguzi

Suti nyeusi au ya buluu nzito. Walimu wapya hutambulishwa ukumbini, na utapewa dakika moja. Inama ukipanda, inama kabla ya kipaza sauti, inama ukimaliza. Fungua kwa Kijapani: *Hajimemashite*, jina lako likifuatiwa na *to mōshimasu*. Kisha sentensi tatu za Kiingereza, polepole, zenye maneno ambayo hata wa darasa la 3 anayajua. Funga kwa *Yoroshiku onegai shimasu*. Mzaha usijaribu, ukumbi wa sherehe haucheki, na kimya chake kitakuvunja moyo bila sababu.

Sherehe ya kuwapokea wanafunzi wapya huwa siku hii au inayofuata. Wewe ni wa kupiga makofi.

Aprili 8

Hakuna Kiingereza. Watoto wanapimwa urefu na uzito, wanagawana vyeo vya darasa, wanapokea vitabu. Zunguka shule nyingine mbili, acha viatu, jitambulishe, pima muda wa njia kwa baiskeli au basi.

Aprili 9: somo la kwanza, darasa la 5

Dakika 45. Kiranja wa zamu anaamuru wasimame, wanainama, wanakaa. Mpango unaofanya kazi ni huu.

Dakika 0 hadi 3: salamu, siku, hali ya hewa. Dakika 3 hadi 13: kujitambulisha kwa picha 6 za A3, ukizigeuza moja baada ya nyingine. Kabla ya kugeuza, watoto wakisie. Picha moja isizidi sentensi mbili. Kosa la kawaida ni picha ishirini na ramani ya bara zima. Watoto huona rangi, hawasikii lugha. Chagua vitu wanavyoweza kusema wao pia baadaye: mchezo, mnyama, chakula, rangi.

Dakika 13 hadi 18: sentensi 4 za kweli au uongo kuhusu ulichosema. Wajibu kwa mikono juu ya kichwa, duara kwa kweli au msalaba kwa uongo, wote kwa pamoja. Hapo unapima usikivu bila kumwita mtu.

Dakika 18 hadi 24: mazungumzo ya mfano na mwalimu wa darasa: "Hello, my name is...", "How do you spell it?", "I like...". Mfanye mwalimu akosee kwa makusudi mara moja na kujisahihisha, kwa makubaliano ya awali. Watoto wakimwona mwalimu wao akijaribu, woga hupungua kuliko kwa hotuba yoyote.

Dakika 24 hadi 38: kadi za majina. Karatasi ngumu ya A4 hutoa kadi 10 za milimita 91 kwa 55. Watoto 35 kwa kadi 4 kila mmoja ni kadi 140, karatasi 14. Dakika 6 za kuandika, 8 za kubadilishana. Hapa ndipo mambo huharibika. Mbio zikianza, Kiingereza hutoweka: watoto wanarushiana kadi kwa Kijapani wakishindana nani anamaliza. Zuia kwa sharti moja: kadi haitolewi mpaka mwenzako ataje herufi za jina lako. Wanaanza kwa *janken*, mchezo wa mikono wa jiwe, karatasi na mkasi, aliyeshinda anauliza. Kwenye tahajia kumbuka kwamba romaji, yaani Kijapani kwa herufi za Kilatini, waliyojifunza darasa la 3 katika somo la Kijapani mara nyingi ni ya mtindo wa *si, ti, tu*, wakati pasipoti na vibao vya barabarani huandika *shi, chi, tsu*. Mtoto aliyeandika jina lake kwa mtindo wa kwanza hajakosea. Usimsahihishe mbele za watu; mwulize mwalimu wa darasa shule inafuata mtindo gani.

Dakika 38 hadi 43: karatasi ya tafakuri, kwa Kijapani, ambayo mwalimu huitumia kwenye tathmini. Ukiila hii kwa sababu mchezo ulinoga, umemnyima mwenzako ushahidi wa alama. Mbili za mwisho ni za kuagana.

Aprili 10: sekondari ya chini

Dakika 50. Somo lilelile halifai. Mwaka wa kwanza wanatoka shule mbili tofauti na hawajuani, kwa hiyo kubadilishana kadi bado kunafaa. Mwaka wa pili na wa tatu wape karatasi ya B5 yenye mapengo 6 ya kujaza wakisikiliza utambulisho wako, usome mara mbili. Ukiuliza swali kwa darasa zima utapata kimya. Kimya hicho si ujinga wala chuki: hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukosea mbele ya wenzake. Wape sekunde 30 wahakikishe jibu na jirani, ndipo uulize. Jibu sasa ni la wawili.

Chakula cha mchana huliwa darasani na wanafunzi hupakuliana wenyewe. Kaa nao, darasa tofauti kila siku. Baadaye ni usafi, kama dakika 15, na mwalimu hushika kitambaa kama mtoto. Wanaokaa kimya darasani huanza kuzungumza nawe wakiwa na ufagio mkononi, hivyo dakika hizo usizitumie kujibu barua pepe.

Aprili 11: matamshi, zoezi la tetemeko, ratiba

Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi iishie kwa vokali. Ndiyo maana neno *strike* huwa *sutoraiku*, silabi moja imekuwa tano, na mwalimu wa Kiswahili anaisikia sababu yake haraka kuliko mwenzake wa kutoka London. Usianze na *l* na *r*, ambazo huchukua miaka. Anza kwa kukata vokali za ziada: piga makofi kwa kila silabi ya Kiingereza, *strike* kofi moja, *desk* kofi moja. Baada ya wiki mbili usomaji wa sauti hubadilika waziwazi, kwa sababu mdundo ukikaa sawa msikilizaji huvumilia konsonanti mbovu.

Shule nyingi hufanya zoezi la tetemeko mwezi huu. Kanuni yao ni *o-ha-shi-mo*: usisukume, usikimbie, usiongee, usirudi nyuma. Kama uko na darasa, kaa nalo hadi uwanjani na uripoti idadi kwa mwalimu wake.

Alasiri ratiba ya wiki ijayo itawekwa mezani kwako. Isome kwa kalamu nyekundu. Aprili hujaa vipimo vya afya, ziara za nyumbani na mtihani wa kitaifa wa darasa la 6 na mwaka wa tatu wa sekondari, unaofanywa tangu 2007. Vipindi hufutwa, hufupishwa au kuhamishwa bila mtu kukuambia, kwa kuwa kila aliye chumbani hudhani umeisoma karatasi. Chora jedwali: safu moja kwa kila mkondo, mstari mmoja kwa kila wiki, na uandike ukurasa mliofikia. Mkondo wa pili wa darasa la 5 ukipoteza kipindi cha Jumatano kwa uchunguzi wa macho, utakuwa nyuma ya mkondo wa kwanza kwa somo zima, na mtihani wa mwisho wa sura ni mmoja kwa wote. Mwambie mwalimu mwenza leo, kabla hajaondoka, ni mkondo upi utakaoruka mchezo wiki ijayo ili mikondo yote miwili ilingane.